Kibali cha Jicho: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Vibali na wa Dawa, Lilongwe

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Dzaleka, wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza katika zama za Kamuzu Banda na ambapo tangu 1994 pamekuwa maskani yetu sisi wakimbizi. Nayo kambi hii iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 leo imebeba zaidi ya 50,000, jambo linalostahiki shukrani, kwani si kila mtu awezaye kutia pishi tano katika kikapu cha pishi moja.

Tena insafu yanilazimu kukiri kwamba macho mnayapenda: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Malawi, ya kwanza katika nchi za kusini mwa Afrika, imeyashinda maradhi ya trakoma kama tatizo la afya ya umma. Ndiyo maana nimethubutu kuwaandikia habari ya jicho moja.

Jirani yangu, mzee wa Uvira, alikuwa na mtoto wa jicho, ambaye wenyeji wetu Wachewa humwita ng'ala. Mtoto asiyelia wala kunyonya, ila humtia mzazi wake gizani. Akapata kibali cha kutoka kambini, akashuka mjini, akapasuliwa, na kesho yake akawaona wajukuu zake akawacheka meno. Siku ya nne jicho likaanza kuuma, likawa jekundu kama pilipili, na ile nuru aliyoinunua kwa subira ya miaka ikafifia tena. Usaha kutunga ndani ya jicho baada ya kupasuliwa ni ajali adimu, ambayo penye huduma njema haifiki hata mtu mmoja katika elfu. Lakini ikitokea, dawa yake ni sindano ndani ya jicho lenyewe, nayo hungojewa kwa saa, si kwa siku. Kibali cha mzee kilikuwa kimekufa siku aliyorejea kambini. Kipya kilihitaji sahihi, na mwenye sahihi alikuwa kwenye semina. Sikuambiwa semina ilihusu nini, nami kwa adabu sikuuliza.

Basi mzee akaenda sokoni akanunua rangi mbili, dawa ya kuua bakteria, vidonge vitatu, kwa kuwa fedha ilikuwa ya vitatu. Viwili akameza, cha tatu akakiweka akiba kwa kikohozi cha mjukuu.

Hapo, Waheshimiwa, ndipo ninapowaonea wivu bakteria. Wanaoharibu jicho namna hii aghalabu si wageni, bali ni wakazi wa kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Nao wakionjeshwa dawa nusu, wanyonge hufa, wakaidi husalia wakazaana, wakarithishana ujuzi wa kuishinda dawa ile. Alexander Fleming, mvumbuzi wa penisilini, aliwaonya walimwengu juu ya jambo hili mwaka 1945, alipoipokea tuzo ya Nobel. Na wakaidi hao ndio wakazi pekee wa Dzaleka wasafirio kwenda Lilongwe bila idhini: hupanda basi dogo juu ya vidole vyetu, hupita kizuizi cha barabarani bila kuulizwa jina, na mwaka 2023, mlipotuamuru sote tuliokuwa mijini turejee kambini, wao hawakurejea.

Nashauri nao wapewe vibali. Kizazi cha bakteria aliyeshiba huweza kuwa nusu saa tu; kwa hiyo afisa atakaporudi kutoka semina, mwombaji atakuwa keshakufa, na wajukuu wa wajukuu zake watakuwa wameisahau safari yenyewe. Sijui dawa kali kuliko hiyo, wala haihitaji kuagizwa ng'ambo.

Ikiwa shauri hilo ni zito, liko jepesi. Tone la iodini, lile la rangi ya kahawia, hutiwa jichoni kabla ya kisu. Ni rahisi kwa bei, na hata hao wakaidi waliozishinda dawa za maduka hawajaweza kulizoea. Matabibu wa Ulaya nao walibainisha mwaka 2007 kwamba sefuroksimu kidogo, ikitiwa ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji, hupunguza maradhi haya kiasi cha mara tano. Mgonjwa apewe hayo, na chupa nzima ya matone ya kwenda nayo nyumbani, na karatasi isiyokufa kabla ya chupa kwisha. Na vidonge visiuzwe kimoja kimoja kama karanga.

Jicho lile la mzee limefumba. La pili nalo lina mtoto, na baada ya kusitasita sana amekubali kuja huko kwenu. Ila ameniagiza niwaulize jambo moja kabla hajafunga safari: kibali chake kitakuwa cha siku ngapi?

Wasalaam,
Mkazi wa Dzaleka