Mwongozo kwa Mgeni Atakayenaswa na Ubishi wa Bastola Lipangalala

Ukifika Ifakara ukapanga chumba Lipangalala, usikatize kijiweni kwa bodaboda saa ambayo watu wanatoka banda la video. Ukishakatiza, usisimame. Ukishasimama, usitamke springi. Wanakijiwe walishakubaliana zamani kwamba bastola haimpasukii mtu mkononi kwa sababu springi yake ni ngumu.

Mdomo ukikuwasha, tanguliza heshima: "Wakubwa, naomba kutofautiana kidogo." Kisha waulize: mlango wenye springi unajirudi wenyewe, lakini usiku unalala kwa kutegemea springi au komeo? Bastola yenye risasi kali nayo ina komeo. Katika ile ya John Browning iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, mgongo wa mtutu una meno yanayokaa kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya slaidi, lile chuma la juu linaloteleza. Ukifyatua, mtutu na slaidi hurudi nyuma vikiwa vimeumana, milimita chache tu. Risasi imeshatoka mdomoni, presha imeshuka, na muda uliopita haufiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndipo kiungo kidogo cha chini kinavuta kitako cha mtutu, meno yanaachia, slaidi inaendelea peke yake, inachomoa ganda na kulitupa. Kazi kubwa ya springi inaanzia hapo: kuirudisha slaidi mbele, ikiokota njiani risasi ambayo springi nyingine, ya magazini, imeshaisukuma juu.

Watakuletea ushahidi wa filamu. Staa anakoki bastola kila akitaka kutisha mtu. Kweli angekuwa anafanya hivyo, risasi nzima zingekuwa zinamdondokea miguuni. Zikimwishia, anafyatua tiki, tiki, tiki. Bastola nyingi magazini ikiisha slaidi hubaki nyuma imeachama, hakuna cha kulia tiki. Haya yaseme polepole. Wenzako wamelipa kiingilio.

Wa kumwogopa ni mzee aliyenyamaza pembeni, aliyelinda mpunga kwa gobore enzi za ujana wake. Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomoni na nyuma limezibwa jumla, kwa hiyo halihitaji komeo. Springi yake kubwa inaendesha nyundo basi. Atakuuliza: "Mwanangu, na ile ya Kirusi isiyo na meno?"

Amekushika. Makarov, iliyopitishwa na jeshi la Kisovyeti mwaka 1951, mtutu wake umekazwa kwenye fremu, hauinami, na springi imeuzunguka. Komeo hakuna. Slaidi inacheleweshwa na uzito wake, ikisaidiwa na springi, na hilo linatosha kwa kuwa risasi yake ya milimita 9, yenye ganda la milimita 18, ina nguvu ya wastani tu. Kijiwe kizima kitashangilia "Springi!" Ukisema uzito ndio wa kwanza, hutasikika.

Kelele zikipungua, kuna atakayeuliza umeyajulia wapi. Usijitutumue. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na huwezi kujua nani hapo ni mgambo aliyevua sare. Sema umesoma gazetini, lipa kahawa yako na ya mzee, uende zako.