Namna ya Kulifanya Bwawa Lako Libaki Dogo

Hongera kwanza. Una shamba mlimani, una kijito kinachokatiza katikati, na umepata tingatinga la kukodi. Pandisha tuta la udongo, ngoja masika yajaze, kisha kila anapokuja mgeni mwenye kalamu liite kidimbwi cha ng'ombe.

Ustadi wenyewe uko kwenye vipimo. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilipanga mabwawa katika madaraja matatu. Kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 ni daraja A, hatari ndogo. Ukifika mita 15 au ukipita mita za ujazo milioni moja, umeingia C, na huko kuna maswali mengi. Basi, bwawa lako lina mita 4.9. Ndivyo lilivyokuwa siku lilipochimbwa, na ndivyo litakavyosomeka kwenye faili hata ukiliongezea tuta kila kiangazi. Ujazo andika 90,000. Hakuna haja ya kumkumbusha mtu kwamba hizo ni tani 90,000 za maji zilizoegemea udongo.

Wamarekani wana tabia mbaya, usiige. Wao huuliza: likipasuka, nani atakufa? Ikitarajiwa kuwa hata mtu mmoja atakufa, bwawa huitwa la hatari kubwa, hata kama tuta ni zima kabisa. Wewe ulijenga bonde likiwa tupu. Hao waliohamia chini baadaye, na shule yao, na soko lao, wanataka kukupandishia daraja bila hata kukuomba ruhusa.

Sasa matunzo. Ile njia ya kutolea maji ya ziada izibe kwa magunia ya mchanga, maana yanayotoka pale ni pesa yako. Wahandisi watalalama kwamba tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake: yakishaanza kumwagikia nyuma, huumega udongo kuanzia chini hadi ukuta mzima uondoke. Wahandisi hawana maua ya kumwagilia. Miti iache iote juu ya tuta, ipendeze. Mizizi yake ikija kuoza itaacha mirija, lakini mirija haionekani. Nungunungu naye ana haki ya makazi. Ukiona maji safi yanachuruzika nyuma ya tuta, sema ni chemchemi. Yakitoka na matope, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani, sema chemchemi imetibuka.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Nakuru, bwawa la mtu binafsi lilipasuka baada ya mvua kubwa. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Ndipo serikali ikaamuru mabwawa yakaguliwe. Ona mpangilio huo: maafa kwanza, ukaguzi baadaye. Kwa hiyo tulia, zamu yako ya kukaguliwa bado.

Na mkaguzi akija kweli, mpokee kwa chai ya maziwa na mahamri, umpitishe upande wa juu, wenye bata. Akitaka kushuka nyuma ya tuta, msikitikie viatu vyake. Mwambie huko chini pana tope jingi mwaka huu, wala hujui linatoka wapi.