Mstari wa Petroli

Nahodha alinunua dumu la petroli ufukweni Nchelenge, lita 20, akalipa bila kupima. Tulikwenda kisiwa cha Kilwa kufuata chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, na kurudi siku hiyohiyo. Injini ingefanya kazi saa sita kwa jumla. Kati ya abiria alikuwemo binti wa sekondari anayekwenda kumsalimia bibi yake, daftari la hesabu mapajani.

Baada ya saa moja binti alichungulia alama za ubavuni mwa dumu: lita 14. Saa ya pili: 11. Akaweka nukta mbili, akaziunganisha kwa rula.

“Kila saa zinakwenda lita 3. Mteremko ni −3.”

Kisha akaurudisha mstari nyuma hadi saa sifuri. Ukakata mhimili wa y kwenye 17. Akaandika: y = −3x + 17.

Yaani rula ilikuwa imemkamata muuzaji wa petroli, naye yuko Nchelenge anahesabu kwacha zake.

“Mimi nimelipa lita 20!” nahodha akang’aka.

“Injini haijui ulilipa ngapi, batata,” yaani baba, binti akamjibu.

Akaurefusha mstari upande wa pili, ukakata mhimili wa x: 17 gawanya kwa 3, saa 5 na dakika 40. Tumepungukiwa lita moja tu. Nikashauri tuongeze kisiwani. Nahodha akagoma: kwa bei za kule, alisema, ni kuibiwa mara mbili. Tena ziwa hili halijui mstari mnyoofu. Hapo alikuwa na ushahidi: mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili walikubaliana mpaka wao ukate ziwa moja kwa moja, toka mto unapotoka ziwani hadi unapoingilia, kisha wakaupinda kuelekea kusini ili Kilwa iwe ya Waingereza. Hoja safi kwa mpaka. Kwa petroli, sijui.

Jioni injini ilizimika mabati ya Nchelenge yakionekana kabisa.

“Ndugu yangu, wewe ndiye mpenda hesabu,” nahodha akanikabidhi kasia, akaketi juu ya dumu tupu.

Upepo ulitoka nchi kavu. Nilipiga kasia mpaka mabega yakalia, nikamuuliza binti tutafika lini. Akachora umbali uliobaki na muda: nukta mbili, kimo kimoja.

“Mstari umelala. Haukati mhimili wa x popote.”

“Popote?” nahodha akashtuka.

“Ukitaka ukate, batata, naomba nawe ushike kasia.”