Nipigie Windows: Mwongozo kwa Wenye Mashine Zilizochoka

Hongera, umeamua kutoizika. Ile kompyuta mpakato uliyoinunua Kariakoo ikiwa mtumba, ikapanda basi na kupita Iringa, Makambako na Njombe mpaka ikafika Songea, leo ukiiwasha unapata muda wa kunawa uso, kuchemsha chai na kuinywa, na bado vile viduara vinazunguka. Jirani amesema inataka kupigwa Windows, yaani kuwekewa Windows upya. Shemeji naye kasema hivyohivyo. Hata yule aliyepita kudai mchango wa harusi alipoitupia jicho akasema, "Hiyo unapiga Windows tu." Mji mzima umeafikiana juu ya dawa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ugonjwa. Basi nawe usiuharibu umoja huo. Fuata mwongozo huu kama ulivyo.

Jambo la kwanza ni kutochunguza chochote. Ukianza kuchunguza unaweza kugundua kitu, na kitu hicho kinaweza kukuondolea safari ya kwa fundi. Mfikie jioni, wakati mezani kwake pameshajaa vioo vya simu, bisibisi zisizo na mishikio na mashine nyingine zimefunuliwa matumbo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nipigie Windows."

"Sawa mwalimu. Kuna vitu vya muhimu humu?"

"Hamna, hamna."

Jibu haraka, tena ukiwa umeshageuka kuondoka. Ukikawia utaanza kukumbuka. Utakumbuka mitihani ya kidato cha pili ya miaka mitatu, hesabu za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, za msimu wa ufuta ulizoombwa uzichape kwa sababu wewe ndiye mwenye mashine, picha za ndoa ya mdogo wako, na rekodi za kwaya zilizopigwa Peramiho ambazo mwenye kwaya mwenyewe hana nakala. Hayo yote yanapaswa kukurudia saa nane ya usiku, ukiwa kitandani, simu ya fundi ikiwa imezimwa.

Hapa nitoke kidogo kwenye utani. Kufomati kwa haraka hakufuti maandishi yenyewe papo hapo, kunafuta orodha inayoonyesha yamekaa wapi. Kwenye diski ya kizamani, ile inayozunguka, mtaalamu anaweza kuyaokota mradi Windows mpya haijaandikwa juu yake. Kwenye SSD, ile diski isiyozunguka, hali ni nyingine: mfumo huiarifu diski kwamba nafasi zile hazina mwenyewe, na diski huzisafisha yenyewe. Ukirudi kesho yake, hata ulie namna gani, hukuti kitu. Na fundi akiwa mwema kiasi cha kukuhifadhia, mara nyingi atanakili folda la Documents, na folda hilo kwa watu wetu huwa halina kitu. Sisi faili tunaziweka Desktop, zikajaa mpaka sura ya mtoto kwenye picha ya nyuma haionekani. Kwa hiyo anayetaka mali yake ipone anunue flashi, anakili mwenyewe Desktop, Downloads na popote WhatsApp inapotupa vitu, kisha aifungue flashi hiyo kwenye mashine nyingine aone kama faili zinafunguka. Lakini huo ni ushauri wa watu wenye subira, tuendelee na wetu.

Kuhusu flashi, nunua ile iliyoandikwa 2TB kwa bei ya chipsi mayai. Kompyuta yenyewe itakuthibitishia kwamba ni 2TB, kwa sababu kichipu cha ndani kimefundishwa kusema hivyo. Ndani kuna GB 8, pengine 16, na ukizidisha hapo kinaanza kuandika faili jipya juu ya la zamani bila kulalamika. Majina ya faili utayaona yote, ila ukiyabofya hayafunguki. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw inayojaza flashi mpaka mwisho, kisha inasoma kilichoandikwa na kutoboa uongo huo. Usiitumie, itakuharibia furaha ya bei.

Sasa ugonjwa wenyewe, ambao kwa mujibu wa mwongozo huu haukuhusu. Mashine nyingi zinazopelekwa kupigwa Windows hazina tatizo la Windows. Zina diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, RAM ya GB 4, na kivinjari kilichofunguliwa kurasa ishirini. Diski ya namna hiyo ina mkono wa chuma unaokimbia huku na huko kutafuta vipande vya faili, na ukitega sikio chini ya kiganja cha kushoto au cha kulia utausikia ukigonga. Uipige Windows mpya, itakwenda kasi kwa wiki chache kwa kuwa bado haijajaa takataka, halafu itarudi palepale. Ukiitoa diski hiyo ukaweka SSD ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 240, mashine ileile itawaka kabla hujakaa sawasawa kwenye kiti. Kazi yenyewe ni kufungua skrubu, na kwa mashine nyingi za miaka ya 2012 hadi 2018 fundi huimaliza huku akiongea na simu.

Kisha kuna joto. Kiangazi vumbi jekundu la Songea halichagui, liwe la Lizaboni au la Bombambili, na feni ya kompyuta hulivuta siku nzima. Kati ya feni na mabati yale membamba ya kupozea linajikusanya likawa kitambaa kizito, unaweza kulibandua kwa kucha likatoka kipande kimoja. Prosesa ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na wewe unasema Windows imechoka. Miezi ya Juni na Julai, baridi inapoingia, mende nao huhamia humo. Windows mpya haifukuzi mende. Brashi, pampu ya upepo na tone la ile krimu ya kupozea juu ya prosesa ndivyo vinavyofukuza, ila ukivitaja fundi atajua kwamba unajua, na heshima kati yenu itapungua.

Tuje kwenye toleo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 wakaifungia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Fungua taarifa za mashine yako usome: i5 ikifuatiwa na tarakimu nne zinazoanza na 4, 5 au 6, maana yake ni kizazi cha nne, cha tano au cha sita, na ndizo zilizojaa mitaani. Rasmi, hizo haziruhusiwi. Kuna ujanja, na programu ya Rufus inayotengeneza flashi ya kupigia inaweza kuruka ukaguzi huo kwa alama moja tu ya tiki, ila Microsoft hawaahidi kwamba mashine iliyoingia kwa mlango huo itaendelea kupata masasisho.

Usijisumbue na yote hayo. Fundi anayo kwenye flashi "Windows 11 Lite" iliyopunguzwa uzito na mtu asiyejulikana, katika nchi isiyojulikana, akatoa vitu asivyovipenda na kuweka alivyovipenda. Imetembea kutoka flashi hadi flashi mpaka imefika Mfaranyaki. Ikimaliza kuingia, itafuata programu ndogo ya kuamsha leseni, ambayo sharti lake la kwanza ni uzime antivairasi. Zima. Mgeni anayekuambia ufunge mbwa kwanza ndipo aingie ndani bila shaka ana nia njema.

Kinachoniudhi katika sehemu hii ni kwamba mara nyingi wizi wenyewe haukuhitajika. Tangu enzi za Windows 8, yaani 2012, kompyuta nyingi zinazotoka kiwandani na Windows zinabeba ufunguo wa leseni ndani ya bodi yenyewe. Mashine iliyozaliwa na Windows 10, ukiipiga Windows 10 au 11 ya toleo lilelile iliyopakuliwa kutoka kwa Microsoft wenyewe, ikishika intaneti inajitambua na kujiamsha bila mtu kudaiwa shilingi. Kwa hiyo wapo watu mjini hapa wanaotumia Windows ya wizi juu ya Windows yao halali, na wamelipia kazi hiyo.

Kama unataka kupakua mwenyewe, faili la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo nunua bando la siku, anza saa tano na nusu usiku, na bando liishe faili likiwa limebaki kidogo tu.

Chagua pia hali ya hewa, kwa ajili ya umeme. Songea ya leo si ile ya jenereta. Mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilituunganisha na gridi ya taifa, na wanaokumbuka mgawo wa kabla ya hapo wanaijua tofauti. Hata hivyo masika ni masika. Subiri wingu jeusi lisimame juu ya Matogoro, chomeka mashine ambayo betri yake ilikwisha kufa, na uanze. Umeme ukikatika Windows ikiwa katikati, pole, unaanza upya, hakuna kilichoharibika. Ukitaka uharibifu wa kweli, sasisha BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoamsha mashine, saa hiyohiyo. Hapo umeme ukikatika bodi inaweza isiwake tena mpaka kichipu chake kiandikwe upya, na anayeweza kazi hiyo si kila fundi.

Kuingia kwenye flashi ya kupigia kuna kitufe chake: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc halafu F9. Wengi wetu tunapendelea kubonyeza vyote kwa pamoja tukimtaja Mungu. Mashine ya mtumba ikikudai nywila kabla ya kukufungulia mipangilio ya BIOS, angalia mgongoni, huenda bado ina kibandiko cha ofisi iliyokuwa ikiimiliki Ulaya. Nywila ni ya kwao.

Kuna njia nyingine ambayo fundi hataitaja kwa kuwa haina programu ya kuamsha. Linux Mint, toleo la Xfce, faili lake ni karibu GB 3, ni la bure, na linatosha kwenye mashine ya RAM GB 4. Unaweza kulijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani, ukaona kama Wi-Fi inashika na sauti inatoka, ndipo uamue. Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili. Microsoft nao wakaja na sura ya Kiswahili ya Windows XP. Steshonari zetu zikaendelea na Kiingereza cha kubahatisha.

Nisikudanganye lakini. Mwalimu anayechapa mitihani, kusoma barua pepe na kuingia mifumo ya Serikali kwa kivinjari atakaa vizuri na Mint. Mwenye steshonari, mwenye kadi za harusi alizozitengeneza kwa Publisher na printa yenye draiva za Windows pekee, abaki Windows na aipate kwa njia halali. Na mtihani uliopangwa kwa Word ukiufungua kwa LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, swali la mwisho linaweza kuhamia ukurasa wa pili likiwa peke yake.

Kazi imekwisha, fundi kapiga simu. Usijaribu chochote pale dukani: si kamera, si sauti, si Wi-Fi, si kama chaji inaingia. Usiulize kuhusu diski ya zamani kama amekubadilishia, mwachie aiuze, atakayeinunua atapata na hesabu za AMCOS.

Ukifika nyumbani unganisha intaneti. Kila tovuti itakukatalia, ikisema muunganisho si salama. Google itakataa, benki nayo itakataa. Nunua bando jingine. Zima, washa. Kisha mpigie fundi umwambie Windows yake ni mbovu, airudie. Usitazame saa pembeni chini ya kioo, ambayo imeandika tarehe 1 Januari 2012, kwa sababu kibetri cha kwenye bodi kimekwisha, na vyeti vya usalama vya tovuti zote, kwa tarehe hiyo, havijatolewa bado. Kwenye mashine nyingi kibetri hicho kinaitwa CR2032, cha duara, ukubwa wa sarafu. Hata mafundi saa wa pale sokoni wanacho.