Krismasi ya Nje ya Nchi

Desemba ikiingia, hapa Muleba mtu haulizwi ana nini, anaulizwa katoka wapi. Magari yenye vumbi la njia nzima ya kutoka Dar es Salaam yanapangwa mbele ya kilabu cha rubisi, na wenyewe wanaanza: huyu kashuka kutoka Arusha, yule kutoka Dubai, mwingine ana binti Uholanzi aliyemtumia picha ya theluji. Kisha wanakugeukia wewe uliyelinda migomba ya ukoo mwaka mzima: "Na wewe Ta, Krismasi unakula wapi?" Ukijibu "nipo hapahapa", wanakuhurumia mpaka wanakununulia soda.

Mwaka jana nikasema basi, nami nitakula Krismasi nje ya nchi. Watu wa Kagera tuna utajiri tusioutangaza: ukitokea Bukoba, Kampala ni kama kilomita 300, wakati Dar ni zaidi ya 1,300. Binamu yangu anaishi Kampala. Nikampigia simu, akasema karibu sana, waitu.

Nikapanda basi. Tulipovuka Mto Kagera pale Kyaka, mzee mmoja akatusimulia jinsi majeshi ya Amin yalivyolipua daraja mwaka 1978. Hakuna basi la njia ile lisilo na mzee huyo. Mpakani Mutukula nikagongewa muhuri, nikaonyesha kadi ya homa ya manjano, nikabadilisha fedha. Shilingi yetu ina nguvu kuliko yao, kwa hiyo unatoa noti chache unapewa bunda. Nilikuwa tajiri mpaka niliponunua chai. Tukapita Kyotera, tukapita Masaka, tukavuka Ikweta pale Kayabwe.

Kampala nikamkuta binamu anafunga godoro juu ya gari. "Umefika wakati mzuri! Krismasi hapa mjini hailiki, wote tunaenda kijijini kwa wakwe."

"Kijiji gani?"

"Kyotera."

Kwa msioijua, Kyotera ukishavuka mpaka wa Mutukula hata usingizi haujakushika, umefika. Niliipita mchana ule ule. Alfajiri nikavuka tena Ikweta, safari hii kuelekea nyumbani, kabla hata soksi hazijakauka. Na mafuta nikachangia mimi, kwa sababu mgeni kutoka Tanzania eti lazima ana fedha.

Mezani wakaniletea ndizi. Mimi, Mhaya, nimevuka mpaka kwenda kula ndizi! Tena wao huzifunga kwenye majani ya mgomba, kuzipika kwa mvuke na kuziponda, wakati sisi tunazipika nzima na maharage ili mtu ajue anatafuna nini. Kisha shangazi wa nyumba akatoa sahani ya senene, akaniuliza kama nimewahi kuwaona, akanifundisha kunyonyoa mabawa. Mimi! Kuku wao wa luwombo, anayepikwa ndani ya jani la mgomba, hapo sitii neno, nilirudia.

Baada ya misa mkwe mkubwa akaanza kutamba kwamba Masaka ndiyo iliyompata askofu Mwafrika wa kwanza wa zama hizi, Joseph Kiwanuka, mwaka 1939. Nikamwachia amalize, nikamwekea Laurean Rugambwa wa kwetu Kagera, kardinali wa kwanza Mwafrika, 1960. Wakanyamaza, wakaniongezea ndizi.

Wakati wa kurudi, basi zima likawa baraza la wasafiri. Mama mmoja alikuwa Muscat kazini. Huko, alisema, tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama nyingine, akaosha vyombo kwanza ndipo akaomba ruhusa ya kwenda kanisani Ruwi. Kijana mmoja akaleta habari za Guangzhou na baridi yake. Kila mtu akaguna inavyostahili. Kisha kijana akanigeukia:

"Na wewe anko, ulikula wapi?"

"Kyotera."

"Kyotera hii tuliyoipita sasa hivi?"

Watu wakacheka mpaka kondakta akageuka. Mama wa Muscat akanipa chungwa, kwa huruma ile ile ya soda.

Lakini Desemba hii waje tu na Dubai yao. Atakayeniuliza nitamfungulia pasipoti: muhuri wa kuingia Uganda huu hapa, wa kutoka ule pale. Muhuri hauandiki kilomita.