Nililala Burundi Bila Kupenda

Kasulu mjini kila kampuni ya simu ni bingwa. Juzi sokoni binti mmoja wa kusajili laini kanidaka chini ya mwavuli wake: "Kaka, sisi tuna 4G mpaka kijijini kwenu." Nikamuuliza, kwetu unakujua? Akacheka, akaomba namba yangu ya NIDA.

Kwetu ni Kibondo, upande wa Mabamba, karibu na mpaka. Vilima vyake ni vizuri kwa picha, lakini mnara umesimama ng'ambo ya kilima na unahudumia bonde lake. Serikali ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaozipa kampuni ruzuku zijenge minara zisikoona faida. Basi sisi ndio wale wasio na faida.

Kwa Mama mtandao upo mahali pawili. Pa kwanza ni dirisha la jikoni, kwenye msumari anapotundika kitochi chake ndani ya mfuko wa nailoni, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019. Kitochi hakibanduki pale. Ukimpigia, anaongea shavu likiwa ukutani kama anayedukua mambo ya jirani, na akigeuka tu kuangalia maharage, kapotea.

Pa pili ni kichuguu nyuma ya shamba la mihogo, na hicho ni mali ya kijiji kizima. Wakala wa pesa ameshahamishia meza yake pale chini. Siri hakuna: jioni utasikia ada ya mtoto wa huyu, deni la yule, na kijana anayembembeleza mchumba kwa sauti ya mnada, maana akishuka hatua mbili anakatika.

Mimi nina laini tatu. Tangu Machi 2017 tunaruhusiwa kuhama kampuni na namba ileile, nashukuru, ila nihamie wapi? Inayoshika Kasulu haishiki kwa Mama. Inayoshika kwa Mama, mjini intaneti yake inazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ya tatu ndiyo iliyonikosesha basi. Jumapili nililala kwa Mama, nikatega alamu ya saa kumi alfajiri. Usiku laini ikachoka kutafuta mnara wa Tanzania, ikahamia Burundi bila kuniaga. Wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu nayo ikarudi nyuma kwa adabu. Ilipolia saa kumi yao, yetu ilikuwa kumi na moja. Mama alishafagia uwanja, akidhani nimeghairi. Honi ya basi niliisikia kwa mbali, inaishilia.

Kulipokucha nikapanda kichuguu kumpigia mkuu wangu wa kazi. Nikamwambia ukweli mtupu: nimechelewa kwa sababu nimelala Burundi.

"Kwa pasipoti ipi?"

Nikashuka hatua mbili.