Mhadhara Mkuu Kuhusu Maiki, Mdomo na Vumbi la Kanda ya Dhahabu

Taaluma ya kuchagua maiki ya kurekodia hotuba za hadhara, ambayo hapa itaitwa elimu-maiki kwa kuwa hakuna baraza lililokwisha kuipa jina, ina bingwa mmoja tu kati ya Shinyanga na Geita, naye ndiye mwenye mhadhara huu. Hakuna chuo kikuu kilichowahi kumnyima shahada ya fani hiyo, kwa sababu hakuna alichowahi kukiomba.

La kwanza ni istilahi. Waswahili wamelitwisha neno "kipaza sauti" mizigo miwili, yaani kile kidude kinachoshikwa mbele ya mdomo na lile boksi linalofungwa juu ya gari la matangazo, na kwa msiba huo wa lugha kamati ya maandalizi ikiagiza vipaza sauti viwili kutoka Kahama yaweza kuletewa maboksi mawili yenye nguvu za kutisha na ikakosa cha kusemea. Kidude, basi, kitaitwa maiki, na boksi litaitwa spika, kama wasemavyo mafundi mitambo.

Maiki zina koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa koili: kiwambo chembamba hutikiswa na sauti, nacho huitikisa koili ya waya iliyo ndani ya uga wa sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme kidogo bila kudai betri wala kibali. Ukoo wa pili ni wa kondensa, ambamo kiwambo hukaa mkabala na bamba la chuma lenye chaji ya umeme, na mara nyingi nguvu yake, volti 48, hutoka kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, kwa kupitia waya uleule unaobeba sauti. Kondensa ina sikio jepesi mno. Katika studio tulivu husikia hata mtangazaji akimeza mate, na kipaji hicho hugeuka balaa Katoro, ambako itanasa kwa uaminifu uleule mgeni rasmi, jenereta, bodaboda na karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ambayo haijawahi kunyamaza kwa heshima ya mtu yeyote.

Kanuni iliyo mama wa kanuni zote, ambayo maumbile yaliitunga mapema kidogo kabla ya bingwa kuitangaza, ni kwamba umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hupungua kwa takribani desibeli 6, ilhali kelele za uwanja hubaki palepale. Msemaji aanzaye kwa sentimita 5, kisha akanogewa na ahadi zake hata maiki ikateremka kifuani, sentimita 40, amekwisha kupoteza desibeli 18, na hakuna fundi wa kuzirudisha bila kurudisha pia karasha. Bei ya maiki haina kauli katika hesabu hii, jambo linalowaudhi sana wenye maiki za bei.

Kwa ajili hiyo Shure SM58, maiki ya koili iliyotoka mwaka 1966, bado inafaa kiwanjani: hukamata zaidi sauti ya mbele na kuipuuza ya nyuma kwa mchoro wenye umbo la moyo, mradi msemaji asikifumbate kichwa cha maiki kama muhindi wa kuchoma, kwani hapo moyo huharibika na spika zikaanza kupiga mluzi. Nakala za bandia ni nyingi, lakini maiki halisi ina uzito wa gramu 298 hivi, na katika mkoa ambao mizani ya dhahabu haiko mbali, kudanganywa uzito ni aibu ya hiari.

Liko jambo ambalo vitabu vya Chicago, ilikozaliwa kampuni ya Shure mwaka 1925, havikulifikiria. Kisukuma kina nazali zisizo na ghuna, yaani sauti za jamii ya m na n zinazotamkwa kwa pumzi ya puani bila mtetemo wa kooni, kama katika "mhola", neno la kujibia salamu, au katika jina la wilaya ya Nyang'hwale. Pumzi hiyo huteremka kutoka puani na kuikuta maiki ikingoja chini ya midomo, nayo maiki huvuma. Dawa yake ni kuihamishia maiki kwenye pembe ya mdomo na kuivika sifongo, ambayo pia huzuia upepo wa kiangazi na vumbi lake.

Anayerekodi asitege simu mbele ya spika, kwani huko atavuna uwanja mzima, bali achukue waya kutoka kwenye mikisa, na mizani ya sauti isipande zaidi ya desibeli 12 chini ya kikomo, kwa maana "Geita oyee!" haitoi taarifa kabla ya kufika.

Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, ambao kwa kawaida huanza kwa kuigongagonga maiki kwa kidole na kuipulizia mara tatu, wanaombwa kwa heshima zao zote waseme "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, badala yake, maana fundi hupima sauti kwa maneno, wala kidole hakitahutubia.